Shangazi, Wateja Wanaukimbia Mkono Wangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, ni mama lishe hapa Dodoma mjini, jirani na soko la Majengo. Napika wali, maharage, ugali wa dona na wa uwele, mlenda, na samaki wa Mtera wakipatikana. Wateja wangu ni madereva wa bajaji, mafundi, na akina mama wenye meza za mboga pale sokoni.

Mwaka jana wakati wa mavuno niliota kipele mgongoni mwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kidole cha shahada. Nikajua ni mbu, sikukijali. Hakikuwasha, hakikuuma. Baadaye vikajipanga vingine pembeni yake, vidogo, vigumu, vikafanya duara. Katikati ngozi imelala, imekuwa nyeusi kidogo. Sasa duara lenyewe limepita upana wa kidole gumba, na jingine limejitokeza kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Mafuta ya kukaangia yakinirukia hapo nasikia moto vilevile kama sehemu nyingine. Ila ukiliangalia, linatisha.

Nilikwenda duka la dawa, yule kijana akatazama akasema choa, akanipa krimu. Nikapaka mpaka tubu ikaisha, duara likanitazama tu. Akanipa nyingine ya mchanganyiko, akasema hii inatibu kila kitu. Kweli duara lilinywea, nikawa nawaringia watu. Nilipoacha kupaka likarudi, tena ngozi ya pembeni imekuwa nyeupenyeupe na laini. Mama mkwe wangu wa Kongwa naye akatwanga kitunguu saumu, akanifunga nacho usiku kucha. Asubuhi nilifungua nikakuta malengelenge.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Juzijuzi dereva mmoja, mteja wangu wa siku zote, nilipomnyooshea sahani aliuangalia mkono kwanza. Akasema kumbe ameshiba. Akavuka akaenda kula kwa mwenzangu wa jirani. Na huyo jirani ndiye niliyesikia anawaambia watu kwamba huo ni ukoma, bibi yake ulimwanza hivyohivyo. Mume wangu anaendesha lori njia ya Singida, yeye anasema nimetupiwa kitu kwa sababu ya biashara, anataka tukaonane na mganga. Kadi yangu ya kupimwa afya ipo na haijaisha, lakini bwana afya akipita akaliona hili duara sijui nitamwambia nini.

Shangazi, ni ukoma? Nipake nini? Mtoto wangu mdogo bado ananyonya, nitamwambukiza? Niache kupika, au nivae glovu?

Mama Lishe, Majengo.

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ukoma Tanzania bado upo, sikufichi, na kwa watu wa Dodoma una uzito wa peke yake, maana wazee wengi wakisikia Hombolo wanakumbuka kituo cha wagonjwa wa ukoma, na wanakumbuka watu waliofika huko wamechelewa, vidole vimeshaharibika. Kama kweli jirani yako alimwona bibi yake, basi alichokiona ni ukoma uliokaa miaka bila dawa. Hajui ulivyoanza.

Baka la ukoma lina tabia zake. Mara nyingi hufifia kuliko ngozi inayolizunguka, au huwa na wekundu fulani. Hukauka, halitoi jasho, vinyweleo hupungua, na kubwa kuliko yote, hufa ganzi. Mtu anaweza kuungua hapo asijue. Wewe mafuta yakikurukia unaruka. Hiyo peke yake imenipunguzia wasiwasi. Ukitaka kujipima nyumbani, mwambie mumeo achukue pamba aivute iwe kincha chembamba, ufumbe macho, akuguse polepole mara juu ya duara, mara pembeni, mara kwenye mkono wa pili, na kila akigusa uoneshe kwa kidole ni wapi. Ukipatia kote, ni dalili njema. Haitoshi kuufuta ukoma moja kwa moja, kwa kuwa baka changa huenda likawa bado linahisi, ndiyo maana lazima uende ukaonekane na mtaalamu.

Na tuseme ingekuwa ukoma. Dawa zake ni za bure, zinamezwa miezi sita au kumi na miwili kutegemea aina, na mgonjwa akishaanza kuzimeza haambukizi tena. Ukoma hauambukizwi kwa sahani ya maharage. Unapita kwa matone yanayotoka puani na mdomoni, kwa mtu aliyeishi karibu muda mrefu na mgonjwa ambaye hajatibiwa. Hayo mwambie jirani yako siku mkiwa mmetulia, si siku ya kugombea wateja.

Sasa nikuambie ninachokidhania. Sijakuona, na ngozi huamuliwa kwa macho na vidole. Lakini umejieleza vizuri kuliko watu wengi wanavyojieleza wakiwa wamekaa mbele ya daktari. Vipele vigumu vilivyojipanga duara, katikati pamelala, hukutaja magamba, haviwashi, viko mgongoni mwa mkono na kwenye kifundo cha mguu, mwenyewe ni mwanamke ambaye hajafika thelathini: hayo yote yananielekeza kwenye granuloma anulare. Liandike jina hilo kwenye karatasi uende nalo, maana si kila zahanati wamewahi kuliona. Ni ugonjwa wa nadra, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na watoto nao huupata. Wala si wa Wagogo, wala si wa wapika chakula. Daktari mmoja wa London, Thomas Colcott Fox, aliuelezea mwaka 1895 kwa mtoto wa kike aliyeota duara vidoleni, na hakuna aliyekuwa anagombea naye wateja.

Choa wewe mwenyewe unaweza kukitofautisha. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa duara. Choa kinatoa unga, kina magamba, na kinawasha hasa ukitoka jasho. Duara lako, kwa ulivyolieleza, ukingo wake ni mgumu, na nadhani hautatoa kitu. Ndiyo maana krimu ya fangasi ilipakwa ikaisha duara likiwa palepale: hapakuwa na fangasi wa kuua.

Unachokiona ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Chembe za ulinzi zimekusanyika kwenye tabaka la ndani la ngozi, zikaanza kuvimbisha nyuzinyuzi zinazoipa ngozi uimara. Kwa nini zinafanya hivyo, sayansi haijapata jibu kamili. Kwa wengine duara huanzia palipoumwa na mdudu, palipojikwaruza, hata palipochomwa sindano. Huenda yule mbu wako alikuwa mbu kweli. Ni sawa na mgambo wa soko walioitwa kumkamata kibaka: kibaka keshatokomea, wao bado wanazungukia genge lilelile na kumwaga nyanya za watu. Hakuna mdudu ndani ya hilo duara, kwa hiyo hakuna cha kumwambukiza mtu. Mtoto anyonye, umshike, umwogeshe, umlishe kwa mkono huohuo. Mumeo vilevile. Na huu si ugonjwa wa saratani.

Swali la nipake nini ndilo lenye jibu ambalo hutalipenda, kwa sababu watu wakija kwangu wanataka waondoke na jina la tubu. Granuloma anulare iliyokaa sehemu moja au mbili hujiondokea yenyewe. Karibu nusu ya wagonjwa hupona ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote, wengine huchukua muda zaidi. Ikiondoka kwa kawaida haiachi kovu, huenda kivuli cha rangi kikabaki kwa muda kisha nacho kikafifia. Inaweza kurudi, na mara nyingi hurudi palepale ilipokuwa. Haiumi, haili kiungo, haishuki kwenye mfupa. Kwa hiyo daktari mzuri anaweza kukuangalia vizuri, akakuambia nenda nyumbani, usipake kitu. Huyo hajakudharau.

Ile krimu ya mchanganyiko ndiyo inayonikera. Nyingi ya hizo zina dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama betamethazoni. Steroidi ndiyo iliyofanya duara linywee, kwa sababu inatuliza uvimbe. Ndiyo pia iliyokuachia weupe na ule ulaini, maana ukiipaka muda mrefu ngozi hukonda, rangi hupauka, na mishipa midogo huanza kuonekana. Isitoshe, mtu mwenye choa cha kweli akiipaka, fangasi hutulia juu huku wakisambaa chinichini, na akija kwa mtaalamu choa chenyewe kimepoteza sura. Watu wanaiamini kwa sababu kila kitu kinanyamaza kwa wiki mbili za kwanza. Wewe iache. Huo weupe mara nyingi hujirudi taratibu ukiacha kupaka, lakini hutaka miezi, si siku.

Steroidi si sumu. Mtaalamu anaweza kukupa kali zaidi ya hiyo, upake juu ya ukingo tu kwa wiki alizozihesabu, au akachoma sindano kwenye ukingo wenyewe. Wengine hugandisha kwa baridi kali. Kwa ngozi nyeusi kama yetu hapo ndipo unatakiwa kuuliza maswali: sindano inaweza kuacha kashimo na weupe, na kugandisha kunaweza kuacha baka jeupe linaloonekana kuliko duara lenyewe. Mtu anayefanya kazi ya kunyoosha sahani mbele za watu alipime hilo mapema. Mimi kwa nafasi yako ningesubiri.

Kitunguu saumu kirudi jikoni. Kikisagwa kibichi kikafungwa juu ya ngozi saa nyingi kinaunguza kabisa, na hayo malengelenge yako ni jeraha la moto wa kemikali. Mama mkwe alikusudia mema, mshukuru, kisha mwambie hospitali wamekukataza. Hilo halina ubishi kuliko kumwambia Shangazi kasema.

Pa kwenda sasa. Anza na kituo cha afya au hospitali ulipo karibu, uombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa uliza siku ya kliniki hiyo kabla hujafunga genge, usije ukapoteza siku ya mauzo bure. Ukikuta anayekuona ni afisa tabibu aliyesomea ngozi, usimkimbie kumtafuta bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, na kazi yao kubwa ni ngozi za watu kama wewe na mimi.

Atakukwangua kidogo kwenye ukingo aangalie fangasi kwa hadubini. Atakupima ganzi, atakushika mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti. Anaweza kuomba kipimo cha damu cha kaswende, na hapo usivimbe: kaswende ya hatua ya pili nayo hujifanya duara, na anayekupima hajakutuhumu wewe wala mumeo. Akiwa na shaka atakata kinyama kidogo, baada ya kukupiga ganzi, kipelekwe maabara. Kuna watu ambao duara lao lilianza kufifia baada tu ya kukatwa hicho kinyama, hakuna anayejua sababu kwa hakika, na si ahadi. Mwombe pia akupime sukari. Duara moja au mawili kwa kawaida hayana uhusiano na kisukari, lakini maduara yakisambaa kifuani, tumboni na mapajani, hapo daktari huangalia sukari, mafuta kwenye damu, tezi ya shingo, na hali ya VVU, kwa kuwa aina hiyo iliyosambaa huandamana nayo wakati mwingine, na inakaa muda mrefu zaidi.

Rudi upesi, usisubiri tarehe, ukiona sehemu imekufa ganzi, imechimbika kidonda, au mkono unapoteza nguvu.

Kuhusu mumeo na mganga. Sitaingia kwenye imani za nyumba yako. Nitakuomba kitu kimoja tu, mganga asikuchanje chale juu ya duara wala pembeni yake. Ngozi iliyojeruhiwa ndiyo mahali ambapo ugonjwa huu unaweza kuanzisha duara jingine, na wembe usiojulikana ulikotoka una mengine mabaya zaidi. Njoo naye kliniki siku lori likiwa limeegeshwa, amsikie mtaalamu kwa masikio yake. Wanaume wengi hubadilika wakiambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe maneno yaleyale ambayo mke ameyasema mwezi mzima.

Tumalizie na biashara, ambayo kusema kweli ndiyo inayouma kuliko duara. Usiache kupika. Hakuna sababu ya kiafya ya kuacha, ukishathibitishiwa kwamba ni hiki ninachokidhania. Ila hayo malengelenge ya kitunguu yakiwa bado hayajakauka, yafunike kwa bandeji safi na mwachie mtu mwingine kupakua mpaka yafunge. Kidonda kibichi na chakula cha watu havikai pamoja, na hapo bwana afya akikusimamisha ana haki.

Siku ya kliniki usiondoke bila karatasi. Mwombe anayekuona aandike jina la ugonjwa, aandike hauambukizi, na kwamba unaruhusiwa kushughulika na chakula, kisha apige mhuri. Iweke pamoja na kadi yako ya kupimwa afya. Bwana afya akija, hujielezi kwa mdomo, unampa karatasi. Usiibandike ukutani. Ukiibandika, hata ambaye hakuwa ameona mkono ataanza kuutafuta.

Glovu usivae. Najua zinavutia, lakini mama lishe aliyepakua kwa mikono mitupu miaka yote akivaa glovu ghafla, sokoni watamaliza hadithi wenyewe. Halafu kwa joto la jikoni, mkono unalowa jasho humo ndani, ngozi inachubuka, na watu hujisahau kunawa kwa kuwa wanajiona wako safi. Pakua kwa upawa, samaki mshike kwa koleo, sahani iweke mezani badala ya kumkabidhi mtu mkononi. Ndoo ya maji ya kunawa yenye koki na sabuni iweke mbele inapoonekana, nawa wateja wakikuona.

Na yule dereva, siku akipita, usimsubiri aulize. Mwite kwa jina, mwambie: "Ule mkono nilikwenda hospitali, wakanipima, wamesema hauambukizi. Leo kuna samaki." Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, wengine wakisikia wasikie. Hapo akitaka kula kwa jirani, ni hiari yake.